Sura ya Saba: Nambari Iliyogongwa Chumani

Tuseme ni Januari, jua la utosi, na boma moja karibu na Maseno linaezuliwa mabati yaliyooza. Fundi anashuka ngazi na kifurushi cha gunia kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani ya gunia mna ngozi iliyokauka kama obambla, samaki wa kuanikwa, na ndani ya ngozi mna bastola: mtutu mwembamba, mpini ulioegemea nyuma, na mgongoni viungo viwili vilivyokunjika kama goti. Mzee wa boma anaitupia jicho mara moja tu.

"Hiyo ni bunde ya Mjerumani," anasema. "Baba yangu alirudi nayo kutoka Kisii."

Kufikia jioni picha imeshafika Nairobi, na kijana wa ndugu yake anapiga simu. "Shikamoo, Baba mdogo. Tafadhali msiifute kutu, wala asiifungue mtu. Nisomee nambari tu."

Kijana huyo ameanza pema. Mzee ana hadithi, chuma kina nambari, na kila kimoja kinaweza kukikana kingine.

Hadithi yenyewe si ya kupuuzwa. Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na wiki chache tu, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka, kikashika Karungu ufukoni mwa Ziwa Victoria na kupanda hadi Kisii. Tarehe 12 mwezi huo askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza, waliwashambulia hapo. Kamanda wao, Kapteni Thornycroft, aliuawa, na Wajerumani nao wakaondoka usiku. Mji ukabaki bila mwenyewe kwa muda, na watu wakajichukulia walichokikuta. Huko ziwani, Muansa, meli ndogo ya Wajerumani, ilikuwa ikikimbizana na meli za Waingereza zilizokuwa na makao Kisumu, Winifred na Kavirondo. Silaha za Kijerumani, basi, zilifika kweli katika nchi hii, na kwa mkono wa mtu zingeweza kufika Maseno.

Lakini silaha zipi? Kombania nyingi za jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki zilianza vita zikiwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za kipenyo cha milimita 11, zilizotumia baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali alipo. Bastola ya goti haikuwa ya askari wa kawaida. Ilikuwa mali ya ofisa, sajini wa Kizungu, au baharia. Anayesema "babu aliiokota Kisii" anasema pia kwamba mwenyewe alikuwa mmoja wa watu wachache, na hapo uchunguzi unapata pa kushika.

Bastola hiyo ni Luger, iliyoitwa hivyo kwa jina la Georg Luger, mhandisi aliyeiboresha bunifu ya Hugo Borchardt. Ilitengenezwa na kampuni ya DWM ya Berlin. Kabla ya jeshi la nchi kavu la Ujerumani kuikubali mwaka 1908, ilizungushwa duniani kote kutafuta wanunuzi, na kila jeshi lililovutiwa liliagiza chache za kujaribu. Hizo ndizo bastola za majaribio. Mafungu yake yalikuwa madogo, nambari zake zilikuwa za kuhesabika, na leo bei yake mnadani ni ya kumfanya mtu mwadilifu ashikwe na tamaa. Ni bidhaa ambayo mughushi huipenda kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi tofauti kati ya bastola ya kawaida na ya majaribio ni tarakimu nne au tano tu zilizogongwa kwenye chuma.

Mfano mkubwa ni wa Marekani. Mwaka 1901 jeshi la nchi hiyo lilinunua Luger 1,000 za kipenyo cha milimita 7.65 na kuzigawia vikosi vya wapanda farasi ili zijaribiwe kazini. Juu ya chemba zilichorwa tai wa nembo ya Marekani. Mtu angedhani tai huyo anatosha kuzitambulisha, lakini DWM iliwachora tai hao hao kwenye bastola ilizowauzia raia wa Marekani madukani, na serikali yenyewe haikugonga muhuri wake wowote juu ya zile 1,000. Majaribio yalipokwisha, nyingi ziliuzwa mwaka 1906 kwa Francis Bannerman, mfanyabiashara mashuhuri wa vifaa chakavu vya jeshi, zikachanganyika na ndugu zake wa dukani kama mchele wa magunia mawili.

Wakusanyaji wazitengeje leo? Wanaanza na nambari. Bastola za jeshi ziko katika masafa yanayoanzia 6,100 na kitu na kuishia 7,100 na kitu. Kisha wanatafuta kitu ambacho hakipo. Forodha ya Marekani ilitaka bidhaa ya kuuzwa iandikwe nchi ilikotoka, kwa hiyo bastola za dukani ziligongwa neno GERMANY. Zilizoingia kwa jina la serikali hazikuhitaji neno hilo. Ushahidi wake ni uwazi, na uwazi ni ushahidi wa kutiliwa shaka kuliko wowote, kwa maana tupa na msasa vinaweza kuutengeneza kwa robo saa. Mjuzi hutafuta neno kwa macho, kisha hupitisha ncha ya kidole pale lilipopaswa kuwa. Chuma kilichosuguliwa hubonyea kidogo, kama jiwe la kusagia lililotumika sana, na mwanga wa dirisha ukilazwa juu yake huonekana ukipinda.

Kuna fungu jingine dogo zaidi, na hapa nambari inasema kwa sauti. Jeshi hilo hilo lilitaka kujaribu kifaa cha Powell cha kuhesabu risasi: dirisha refu jembamba kwenye upande wa mpini, na ndani yake kiashiria kilichoshuka na magazini ili mwenye bastola ajue amebakiza ngapi. Ziliundwa 50, nambari 22401 hadi 22450, na si zaidi. Mpini wa mbao au plastiki unaweza kukatwa dirisha na fundi yeyote wa samani, na wapo waliokata. Lakini nambari zipo 50 tu. Anayetaka kughushi lazima achague mojawapo, na akiichagua, anabeti kwamba bastola halisi yenye nambari hiyo imekufa na haitatokea tena. Siku zikitokea mbili zenye nambari moja, moja ni ya uongo, na mara nyingine zote mbili.

Habari hii ingeweza kuishia kwenye Luger kama si vita vya Marekani huko Ufilipino. Bastola za kipenyo kidogo hazikuwasimamisha wapiganaji wa Moro waliokuwa wakija na majambia, na wanajeshi wakalalamika. Majaribio ya mwaka 1904 katika machinjio ya Chicago yakaamua kwamba bastola ijayo iwe ya inchi 0.45. Mwaka 1907 kampuni kadhaa zilipeleka mifano yake. Colt ilitengeneza kwa ajili ya majaribio ya kikosini bastola 207, nambari 1 hadi 207, na Savage nayo ikapeleka za kwake. Luger mwenyewe alileta chache sana za kipenyo hicho kikubwa, kisha DWM ikajiondoa. Mwezi Machi 1911 Colt na Savage zilikutanishwa mara ya mwisho: risasi 6,000 kila moja. Savage ilikwama mara 37, Colt haikukwama hata mara moja, na bastola ya Colt ikaingia jeshini kwa jina la M1911. Na ile Luger ya 0.45 yenye nambari 2? Mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa dola 494,500. Kwa fedha hizo mtu angejenga shule.

Ndiyo maana darubini ndogo ya mkononi, ya kukuza mara kumi, ni chombo cha lazima katika biashara hii. Anayeiinamia nambari ya kweli anaona nini? Kiwandani, nambari iligongwa kwa nyundo na patasi ya chuma kigumu. Chuma kilichosukumwa kikapanda pembeni, kikafanya tuta dogo kuzunguka kila tarakimu. Kisha kipande kikang'arishwa, tuta likalazwa, ndipo rangi ya buluu-nyeusi ikapakwa juu ya vyote, ikaingia hadi ndani ya mfereji wa tarakimu. Nambari iliyogongwa miaka themanini baadaye ina mpangilio mwingine. Ama tuta bado limesimama na ndani mnameta, ama kila kitu kimepakwa rangi upya na kingo za herufi zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Umbo la tarakimu nalo husema. Kila kiwanda kilikuwa na patasi zake, na mkia wa 9 wa DWM haufanani na mkia wa 9 wa fundi wa mtaani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui, nalo ni la kutia moyo. Pigo la nyundo halikubonyeza uso wa chuma tu. Lilikaza punje za chuma hadi chini zaidi ya pale jicho linapofika. Mtu akiifuta nambari kwa tupa hadi kusibaki alama, chuma kilichokazwa bado kipo chini. Maabara za uchunguzi wa jinai hupaka tindikali maalumu juu yake. Sehemu iliyokazwa huliwa kwa kasi tofauti na jirani yake, na nambari iliyofutwa hurudi polepole, ya kijivu, kwa dakika chache. Wapelelezi huitumia mbinu hii dhidi ya wezi, na mkusanyaji aliyelaghaiwa anaweza kufaidika nayo vilevile.

Luger hubeba nambari zaidi ya moja. Ile kamili iko kwenye fremu na mtutu. Tarakimu zake mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo: triga, bamba la pembeni, viungo vya goti. Kwenye bastola za jeshi la Ujerumani vipande hivyo viligongwa mahali panapoonekana; kwenye za kiraia za mwanzo, nambari zilifichwa. Isitoshe, nambari za bastola za jeshi la nchi kavu zilianza upya kila mwaka: moja hadi elfu kumi, kisha tena moja na kuendelea zikiwa na herufi ndogo a, kisha b. Nambari 4312 peke yake haisemi lolote mpaka iambatane na herufi yake na mwaka uliogongwa juu ya chemba.

Mwaka huo ndio mtihani wa haraka kuliko yote kwa mzee wetu wa Maseno. Chemba ikisoma 1917, baba yake hakuitoa Kisii mwaka 1914. Huenda aliitoa mahali pengine, kwa njia nyingine, na hadithi mbili zikaungana kwenye masimulizi ya jioni.

Yawezekana pia bastola ilitoka majini. Jeshi la wanamaji la Ujerumani liliikubali Luger mwaka 1904, miaka minne kabla ya jeshi la nchi kavu. Zile za kwanza kabisa za wanamaji, za majaribio, ni adimu na zinaghushiwa sana. Bastola za wanamaji zilikuwa na mtutu mrefu kuliko za nchi kavu, na nyuma ya mpini zile za baadaye mara nyingi ziligongwa alama za kikosi, kama W.K. kwa karakana ya Kiel au W.W. kwa ya Wilhelmshaven. Manowari SMS Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mabaharia wake hawakukaa pale kulia. Waliungana na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, na silaha zao zikatembea nchi kavu maelfu ya kilomita. Mizinga kumi ya meli hiyo, ya sentimita 10.5, iliopolewa majini, ikatiwa magurudumu Dar es Salaam na kusambazwa.

Mmoja wa mizinga hiyo uko Mombasa, Fort Jesus, na mwingine Jinja, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Wa Mombasa una jirani yake, mzinga wa HMS Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Wageni wengi huupiga picha mmoja wakidhani ni mwingine. Ukubwa unakaribiana mno: mmoja una inchi nne, wa pili una inchi nne na kidogo. Kilichobaki cha kuwatenganisha maadui hao wawili ni kazi ya kiwanda, Krupp kwa Mjerumani na Uingereza kwa mwenzake, pamoja na alama zilizogongwa kwenye chuma.

Mzinga mwingine wa Königsberg ulipelekwa Kigoma na kufungwa juu ya meli Graf von Goetzen kwenye Ziwa Tanganyika. Baadaye Wajerumani waliuhitaji nchi kavu, wakauondoa na kuweka wa bandia wa mbao mahali pake, ili adui wa mbali aendelee kuogopa. Silaha ya kughushi iliyopata kutumika vitani kwa kazi halisi! Meli yenyewe ilizamishwa Julai 1916 na wenyewe, ikaopolewa, na hadi leo inajulikana kwa jina la MV Liemba.

Karatasi nayo ina neno lake. Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, orodha ya silaha alizokabidhi iliandikwa: mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37, na bunduki za kawaida 1,071, za Kiingereza na Kireno. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba hapakuwa na hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani kati yake. Jeshi lake lilikuwa likipigana kwa silaha lilizomnyang'anya adui. Anayeuza Mauser ya Kijerumani kwa madai kwamba ilikabidhiwa Abercorn amejifunga kwa orodha hiyo, hata kama nambari zote za bunduki yake zinaoana.

Huku Nyanza, watu walikuwa wamekwisha kujifunza nambari ni nini, na hawakujifunzia kwenye bastola. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walichukuliwa kwa maelfu kutoka wilaya za kandokando ya ziwa. Kila mmoja alipewa nambari, na ofisi ya mkuu wao, Oscar Watkins, ikajaribu kuzitunza daftarini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Majina yaliandikwa visivyo, vijiji vikaandikwa visivyo, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa wajane wao. Nambari ilikuwepo; aliyeiunganisha na mtu hakuwepo. Baada ya vita kikaja kipande, kitambulisho chenye alama za vidole, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, kuunda Young Kavirondo Association chini ya Jonathan Okwiri, mwalimu wa Maseno, na kipande kilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa.

Mwanafunzi wa zamani wa Maseno alikuja kufundisha namna ya kupima ushahidi wa kusemwa. Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini, alichukua nasaba walizosimulia wazee, akazihesabu kizazi kwa kizazi, akazilinganisha ukoo kwa ukoo. Mzee mmoja hakuachiwa kuwa shahidi peke yake. Njia hiyo inafaa kwa bastola ya gunia. Hadithi ya mzee iulizwe kwa dada yake, kwa jirani, kwa watu wa kanisa. Nambari iulizwe kwa vipande vidogo, kwa mwaka wa chemba, kwa alama za mpini. Pale mistari miwili inapokutana bila kulazimishwa, pana jambo.

Ipo sababu ya kuharakisha kazi hii. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka silaha ziwekewe alama na kuandikishwa, na silaha haramu zikusanywe na kuharibiwa. Juni 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliongoza uchomaji wa silaha zaidi ya 5,000 huko Ngong. Ni kazi njema. Bunduki hizo zimeliza watu wengi. Lakini kwenye rundo kubwa kama hilo, kipande cha mwaka 1904 au 1914 hakitofautiani na chuma kingine mpaka mtu ainame asome. Kabla ya moto, mtu wa makumbusho apewe siku chache na darubini yake.

Kwa wenye boma, sheria iko wazi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mwenye silaha awe na cheti, na urithi wa babu si cheti. Kijana wa Nairobi anafika Jumamosi kwa basi la usiku. Anaipiga picha bastola pande zote, karibu, mwanga ukitoka ubavuni, bila kuisugua. Anaandika kila tarakimu aliyoiona, na zile ambazo kutu imezila anaziwekea alama ya kuuliza. Kisha mzee anavaa koti lake la Jumapili, na wote wawili wanakwenda kituo cha polisi cha Maseno, gunia likiwa kwapani.

Ofisa wa zamu anafungua kile kitabu kikubwa ambacho kila Mkenya anakijua kwa jina la OB. Anaandika tarehe, saa, aina ya silaha, nambari iliyo kwenye fremu. Anataka kufunga.

"Ngoja, mwanangu," mzee anamwambia. "Andika na jina la baba yangu. Andika Kisii."

Ofisa anamtazama, anageuza kalamu, na kuanza mstari mpya.